Kisa cha stakabadhi za jioni

Mama yule alikuja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na stakabadhi 9 za marejesho ya mkopo wake wa dharura, zote zina muhuri wa SACCOS na sahihi ya karani wa fedha, zimepangwa kwa tarehe kama alivyozoea kupanga madaftari ya wanafunzi kabla hajastaafu ualimu. Taarifa ya akaunti aliyochapishiwa asubuhi hiyo ilionyesha marejesho 7. Hakupiga kelele. Alisimama pale dirishani akasema, "Hela nimeileta kwa mkono wangu, na karatasi zenu ninazo." Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa.

Mimi niliitwa siku mbili baadaye. SACCOS yenyewe sitaitaja, na kisa nimekisimulia kwa ruhusa ya uongozi wake. Nilipofika, hukumu ilikuwa imeshaanza kupitishwa. Karani wa fedha, kijana mwenye mtoto mchanga, alikuwa ameambiwa akae nyumbani mpaka bodi ikutane. Watu walisema anayepokea fedha ni yeye, anayeingiza kwenye kompyuta ni yeye, sasa tumtafute nani mwingine? Meneja alinipa kazi kwa sentensi moja: weka ulinzi ili watu wasiweze kubadilisha data. Nilimwomba kwanza anipe nafasi nijue data ilibadilikaje. Kufunga mlango ambao mwizi hakupitia hakusaidii, na hapo hatukuwa na uhakika hata kama mwizi yupo.

Mfumo wao ulikuwa faili moja la Microsoft Access, programu ya kutunza data kwa majedwali, ukubwa wake MB 90 hivi, likiwa ndani ya folda ya pamoja kwenye kompyuta ya mhasibu. Kompyuta nyingine 5 zilifikia folda hiyo kwa mtandao wa ndani, na kila mtu alibofya faili lilelile: karani, afisa mikopo, meneja, mhasibu na wasaidizi wawili. Ndani yake mlikuwa na majedwali ya wanachama, hisa, akiba, mikopo na marejesho, na fomu za kuingizia na kusomea. Aliyeutengeneza alikuwa mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, kisha akaondoka na maisha yake. Niseme wazi kwamba kazi yake ilikuwa nzuri. Majedwali yalikuwa yamehusianishwa inavyotakiwa, kiasi kwamba huwezi kuingiza rejesho la mwanachama asiyekuwepo. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu ndilo lililoficha kosa kwa miezi 7.

Nilianza kwa kunakili faili lote kwenye diski ya nje na kuandika tarehe na saa. Baada ya hapo sikugusa la asili mpaka mwisho wa uchunguzi. Kisha niliomba vitabu vya stakabadhi, vile vyenye nakala ya kaboni. Tulikaa watu watatu kwa siku mbili, mimi, mhasibu na mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi. Mjumbe anasoma kwa sauti namba ya stakabadhi, jina na kiasi, mhasibu anatafuta kwenye jedwali, mimi natia alama.

Siku ya kwanza mchana ndipo tulipopata jambo la kutushtua: fedha zote zilikuwepo. Jumla ya marejesho ya kila siku kwenye jedwali ililingana na vitabu, na ililingana na hati za kuweka fedha benki. Hakuna shilingi iliyopungua. Kilichobadilika ni kimoja tu, namba ya mwanachama. Rejesho la mama yetu la mwezi wa tatu lilikuwepo, kiasi kilekile, tarehe ileile, namba ileile ya stakabadhi, ila limeandikwa kwa mwanachama mwingine kabisa.

Nilimwambia mjumbe wa kamati palepale kwamba karani hana hatia kwa ushahidi huu. Mwizi wa dirishani anachukua fedha na kuficha stakabadhi. Huyu angepata nini kwa kuhamisha rejesho la mstaafu kwenda kwa mtu ambaye hata hamfahamu, na fedha akazipeleka benki zote? Mjumbe alikubali, lakini akasema bodi itataka jina, kwa hiyo tukaendelea.

Kufikia mwisho wa siku ya pili tulikuwa na stakabadhi 13 zenye namba isiyo ya mwenyewe. Nilizipanga kwa tarehe nikaona kitu ambacho macho yalikuwa yamepita juu yake: kila moja ilikuwa ya mwisho kwa siku yake. Mtu wa mwisho kulipa jioni, kabla dirisha halijafungwa. Wengi walikuwa wastaafu na wafanyabiashara wadogo, maana watumishi wengine hulipa kwa makato ya mshahara na hawapangi foleni dirishani. Upande wa pili, wale waliopokea marejesho yasiyo yao (na kwa kueleweka hawakulalamika) wote walikuwa wameomba mkopo karibu na tarehe hizo.

Ukitaka kuiuliza Access nani alibadilisha, haina la kukujibu. Watu wengi hudhani programu ya namna hii inaweka kumbukumbu kimyakimya mahali fulani. Haiweki, mpaka wewe mwenyewe uitengenezee. Faili linapofunguliwa, pembeni yake huzaliwa faili dogo la kufuli lenye kiambishi laccdb, ambalo huorodhesha kompyuta zilizomo ndani kwa wakati huo. Lakini hutoweka mtu wa mwisho anapotoka, na jina la mtumiaji linaloandikwa humo ni Admin kwa kila mtu, karani Admin, meneja Admin. Ushahidi wetu ulikuwa vitabu vya karatasi peke yake. Kama wangekuwa wameacha kuvitumia baada ya kununua kompyuta, kijana yule angefukuzwa kazi.

Kamati ya mikopo ya SACCOS ile hukaa mara mbili kwa mwezi. Nilipolinganisha tarehe, stakabadhi zote 13 zilikuwa za jioni iliyotangulia siku ya kuandaa kikao. Basi nikaomba kukaa karibu na afisa mikopo asubuhi ya maandalizi yaliyofuata. Nilimwambia kweli, kwamba natafuta jinsi rekodi zinavyobadilika na ningependa kuona kazi yake kuanzia mwanzo. Kwa tahadhari tulifungua nakala mpya ya faili, iliyochukuliwa asubuhi hiyo.

Alifungua fomu ya marejesho. Ilipangwa mpya juu, kwa hiyo rekodi iliyojitokeza mbele yake ilikuwa stakabadhi ya mwisho ya siku iliyotangulia. Juu kabisa palikuwa na kisanduku cha namba ya mwanachama chenye kishale cha kushusha orodha ya majina, na kielekezi cha kuandikia kilikuwa tayari kimo ndani yake. Afisa alichukua fomu ya mwombaji wa kwanza, akaandika namba yake kwenye kisanduku, akabonyeza Enter. Jina lililokuwa chini likabadilika, likaja la mwombaji.

"Kaka, hapo unafanya nini?"

"Namtafuta mwombaji nione amelipaje huko nyuma. Ila mfumo huu huwa unaleta rejesho moja tu, sijui kwa nini. Huwa najaribu wote, wakikataa namwomba mhasibu anichapie."

Akaandika namba ya mwombaji wa pili juu ya ile ya kwanza. Kisha wa tatu. Kisha akafunga fomu.

Nilimwomba aifungue tena na atafute ile stakabadhi ya jana jioni. Ilikuwa sasa ya mwombaji wa tatu. Alitazama skrini kwa muda mrefu, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ni mimi?" Alikuwa amehamishiwa idara hiyo miezi 7 kabla. Aliyemtangulia alitumia ripoti za kuchapwa na hakuigusa fomu hiyo hata siku moja.

Hapa ndipo penye kiini, na naomba nikae kidogo. Kisanduku kile hakikuwa cha kutafutia. Kilikuwa kimeunganishwa moja kwa moja na safu ya namba ya mwanachama ndani ya jedwali la marejesho, kwa hiyo unachoandika humo unakiandika kwenye rekodi iliyo mbele yako. Mtengenezaji alikiweka kwa ajili ya karani anayeingiza rejesho jipya, na kwa kazi hiyo kinafaa sana. Kwa mtu anayekuja kusoma, kinafanana kila kitu na kisanduku cha kutafutia.

Halafu kuna tabia ya Access yenyewe. Mtu aliyezoea Excel anajua kwamba akiharibu kitu, anaweza kufunga bila kuhifadhi, na programu itamuuliza. Access haiulizi. Ukihama rekodi moja kwenda nyingine, au ukifunga fomu, ulichobadilisha kimeshaingia kwenye jedwali. Kabla ya hapo unaweza kubonyeza Esc ukafuta mabadiliko. Baada ya hapo yamekwisha kuwa data. Onyo pekee ni kipicha kidogo cha penseli kinachojitokeza kwenye ukanda wa pembeni wa fomu wakati rekodi inahaririwa. Ukanda huo mtengenezaji aliuondoa ili fomu ipendeze. Simlaumu, karibu kila mtu huuondoa.

Na ule uhusiano mzuri wa majedwali niliousifu? Ulikagua kwamba namba iliyoandikwa ni ya mwanachama halali, ukakuta ni halali, ukaruhusu. Namba ya mwombaji ilikuwepo kweli kwenye jedwali la wanachama. Kanuni za data zinaweza kukataa kisichowezekana, lakini kosa letu lilikuwa linawezekana kabisa.

Bodi ilikutana Jumamosi. Karani aliitwa, akaelezwa mbele ya wote kwamba hakuna kosa kwake, na mshahara wa siku alizokaa nyumbani ukaagizwa ulipwe. Mwenyekiti akanigeukia: "Sasa mtaalamu, tuwekee nywila, yaishe." Nilimwuliza kwa heshima, "Mwenyekiti, afisa mikopo tutampa nywila hiyo au hatutampa?" Akasema lazima apewe, kazi hatafanyaje. Basi nywila isingezuia hata stakabadhi moja kati ya zile 13. Nywila ya faili la Access ni ufunguo wa mlango wa nje: aliye nao anaingia na anafanya lolote, asiye nao haoni kitu.

Mjumbe mmoja aliyewahi kufanya kazi benki alikumbuka kwamba Access ya zamani ilikuwa na majina ya watumiaji na makundi, huyu asome tu, huyu aandike. Alikumbuka sawasawa. Ulinzi huo ulikuwepo kwenye mafaili ya mdb, ukitegemea faili la pili lenye kiambishi mdw. Ulipokuja muundo mpya wa accdb mwaka 2007, ulinzi huo haukuingizwa humo. Nimekutana na ofisi zinazong'ang'ania mdb kwa sababu hiyo. Siwashauri, kwa kuwa programu za kuvunja ulinzi ule zimezagaa miaka mingi na mtu asiye fundi anaweza kuzitumia.

Meneja naye alikuwa amejaribu la kwake kabla sijafika. Usiku mmoja aliweka folda nzima iwe ya kusoma tu kwa wote isipokuwa mhasibu. Asubuhi karani hakuweza kuingiza rejesho hata moja na foleni ikafika barabarani, ikabidi arudishe ruhusa zote kwa kila mtu, hata zisizohitajika. Watu hawaelezwi vizuri jambo hili: anayeandika kwenye Access ya pamoja anahitaji ruhusa ya kubadilisha folda, na si faili peke yake, kwa sababu lile faili dogo la kufuli lazima liweze kuundwa na kufutwa humo. Na kwa kuwa majedwali yote yamo ndani ya faili moja, Windows haiwezi kumruhusu mtu aandike marejesho huku ikimkataza kugusa hisa. Windows inaona faili tu. Yaliyomo ndani ni shauri la Access, na Access haimjui mtu kwa jina.

Niliieleza bodi kwamba wana maswali mawili yaliyochanganyika. La kwanza ni kuwakinga watu wema wasikosee. La pili ni kumzuia mtu aliyekusudia. La kwanza tungelimaliza wiki hiyohiyo bila gharama. La pili Access peke yake isingeliweza. Na kulikuwa na la tatu ambalo hawakuniuliza: stakabadhi ikishatolewa, kwa nini iweze kubadilishwa na mtu yeyote, hata meneja? Wote walikuwa wanauliza nani asiguse. Mimi nilitaka tuanze na kitu gani kisiguswe, na kuanzia saa ngapi.

Kazi ilianza kwa kulitenganisha faili. Majedwali yalibaki kwenye faili la nyuma ndani ya folda ya pamoja. Fomu, ripoti na hoja (maswali yaliyohifadhiwa ya kuchota data) zikaenda kwenye faili la mbele, na kila mfanyakazi akawekewa nakala yake kwenye kompyuta yake, ikiwa imeunganishwa na majedwali yale. Kwa ofisi inayotumia Access kwa pamoja, hili lingefanyika siku ya kwanza hata kama hakuna tatizo la data. Kushirikiana faili moja lenye fomu kupitia mtandao, huku umeme ukikatika, ni kujitafutia faili lililoharibika.

Mgawanyo huo ukanipa nafasi ya kumtengenezea kila mmoja mbele yake. Karani alibaki na fomu ya kuingiza, iliyowekwa ifungue rekodi mpya tupu na isionyeshe za nyuma kabisa. Kabla ya kuhifadhi inamwonyesha jina, kiasi na namba ya stakabadhi na kumwuliza kama ni sahihi. Afisa mikopo alipata fomu mpya ya kusomea tu.

Kwenye fomu ya kusomea kuna mtego ambao umenipotezea saa nyingi katika kazi nyingine. Njia ya haraka inayomjia kila mtu ni kuweka sifa ya AllowEdits, inayoruhusu kuhariri, iwe hapana, pamoja na zile mbili za kuongeza na kufuta. Data inafungwa kweli. Lakini na kisanduku cha kutafutia kinafungwa, hata kama hakijaunganishwa na safu yoyote, kwa sababu kwa macho ya fomu kuandika humo nako ni kuhariri. Mtumiaji anabaki na fomu anayoiona na hawezi kuiuliza kitu. Ndipo watu wanapokata tamaa na kufungua kila kitu tena. Nilichofanya ni kuacha AllowEdits kama ilivyo na kubadilisha aina ya rekodi za fomu iwe snapshot, yaani picha isiyoharirika ya data. Hapo visanduku vyote vya data vinakataa kuandikwa, na kile cha kutafutia kinaendelea kufanya kazi. Fomu ndogo zilizo ndani ya fomu kubwa nazo zikafanyiwa vivyo hivyo, maana kila moja ina sifa zake na hairithi za mama yake. Ukisahau hilo, umefunga sebule na kuacha jiko wazi.

Ule ukanda wenye penseli nikaurudisha kwa karani, na kisanduku cha kutafutia nikakipa rangi yake na neno TAFUTA kwa herufi kubwa. Afisa mikopo ndiye aliyechagua rangi.

Faili la mbele nililigeuza kuwa accde, muundo ambao haumruhusu mtu kubadilisha fomu, ripoti wala msimbo (maagizo ya programu). Nilizima pia kitufe cha Shift kwa sifa ya AllowBypassKey, kwa sababu ukikishikilia wakati wa kufungua, Access huruka maandalizi yote ya kuanzia na kukuachia majedwali wazi. Kabla ya kufanya mambo haya mawili weka pembeni nakala ya accdb ya asili. Nimeona mtu aliyejifungia nje ya kazi yake mwenyewe.

Hayo yote yalikuwa kwenye faili la mbele. Kwa lile swali la tatu nilikwenda kwenye jedwali lenyewe. Tangu Access ya 2010, jedwali linaweza kubeba makro zake, yaani maagizo yanayojiendesha, zinazofanya kazi mabadiliko yanapotokea hata kama hayakuletwa na fomu yako. Nilitumia mbili kwenye jedwali la marejesho. Ya kabla ya kubadilika inauliza kama rekodi ni mpya, kama si mpya, inapandisha kosa na mabadiliko yanakataliwa kwa ujumbe wa Kiswahili: "Stakabadhi ikishahifadhiwa haibadilishwi. Tumia ingizo la kurekebisha." Ya kabla ya kufuta inakataa ufutaji wote. Mhasibu aliogopa kidogo. Itakuwaje karani akikosea kweli? Nilimjibu kwamba yeye ndiye anayejua jibu kuliko mimi, kwa sababu kwenye leja ya karatasi hakuwahi kufuta mstari kwa kifutio. Unaandika ingizo la kinyume lenye kiasi kilekile kwa alama ya kutoa, likitaja namba ya stakabadhi iliyokosewa, kisha unaandika lililo sahihi. Alicheka, akasema hilo alifundishwa mwaka wa kwanza chuoni na kompyuta ndiyo iliyomsahaulisha.

Fomu ya ingizo la kurekebisha inadai sababu na namba ya vocha iliyosainiwa na meneja, na huandika jina la akaunti ya Windows ya aliyeingiza, pamoja na tarehe na saa. Jina hilo linachukuliwa na msimbo wa fomu, kwa kuwa makro za jedwali hazimjui aliye kwenye kibodi. Lina maana pale tu ambapo kila mtu anaingia Windows kwa akaunti yake, kwa hiyo tulitumia nusu siku nzima kuondoa akaunti moja ambayo wote waliitumia na nywila yake ikiwa imebandikwa chini ya kibodi.

Kisha nikawaomba bodi wakutane tena kwa nusu saa. Sikutaka waondoke wakiamini kwamba kila kitu kimefungwa. Nilichukua kompyuta mpakato iliyounganishwa na mtandao wao kwa akaunti ya kawaida ya mfanyakazi, nikafungua Access tupu, nikaagiza kuunganisha majedwali kutoka kwenye folda ya pamoja, na ndani ya dakika chache jedwali la hisa lilikuwa mbele yetu, wazi, likingoja kuandikwa. Sikuvunja kitu chochote. Nilitumia ruhusa ileile ambayo mfanyakazi lazima awe nayo ili faili la kufuli liundwe. Jedwali la marejesho lilikataa kubadilishwa kwa sababu ya makro, lakini nikawaonyesha pia kwamba mwenye nia angeweza kufungua faili la nyuma moja kwa moja na kuziondoa makro zenyewe.

Mtu aliuliza kuhusu kulisimba faili la nyuma kwa nywila, yaani kulifanya lisisomeke bila nywila hiyo. Tulifanya hivyo, na inasaidia dhidi ya mpita njia na dhidi ya anayenakili faili kwenye flashi. Lakini nywila hiyo lazima iwe ndani ya kila faili la mbele ili viungo vifanye kazi, na humo imeandikwa kama ilivyo, bila kufichwa. Anayejua pa kutazama ataisoma. Ni haki ya mteja kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Tuliweka pia njia ya muda kwa wale wanaosoma tu. Meneja na wasaidizi wawili hawana kazi ya kuandika chochote, kwa hiyo kila usiku faili la nyuma linanakiliwa kwenye folda nyingine wanayoruhusiwa kusoma tu, na folda ya kazi hawaifikii tena. Wanaona data ya jana. Kwa ripoti za bodi inatosha kabisa, na watu watatu kati ya sita wakawa wametoka kwenye hatari bila programu mpya.

Waliobaki wanahitaji mlinzi anayemjua mtu kwa jina, na huyo ni seva ya hifadhidata, programu inayotunza majedwali yenyewe na kujibu maombi ya kila mtumiaji. Nilipendekeza SQL Server Express, ambayo hailipiwi na ambayo kwa toleo la 2019 inabeba hadi GB 10 kwa hifadhidata moja, wakati faili la Access mwisho wake ni GB 2 na wao wako kwenye MB 90. Majedwali yanahamia huko, fomu za Access zinabaki zilezile zikiunganishwa kwa ODBC (njia ya kawaida ya programu kuzungumza na hifadhidata), na wafanyakazi hawaoni tofauti kubwa. Tofauti iko kwenye ruhusa. Karani anapewa haki ya kusoma na kuongeza kwenye jedwali la marejesho, hapewi ya kubadilisha wala kufuta. Afisa mikopo anapewa kusoma. Akija mtu na Access tupu kwenye kompyuta mpakato kama nilivyofanya mimi, seva inamwuliza yeye ni nani na kumpa kile alichoandikiwa, basi. Hakuna tena folda ya pamoja yenye faili la kunakili. Kitu kimoja cha kukumbuka wakati wa kuhamisha ni kwamba jedwali lililounganishwa kwa ODBC bila ufunguo wa kipekee, yaani safu inayotambulisha kila rekodi, huwa la kusoma tu ndani ya Access, na mtu anaweza kudhani ni ulinzi alioweka yeye.

Niliwaambia pia kwamba seva inataka mtu wa kuitunza: nakala rudufu zinazojaribiwa kurejeshwa, masasisho, na nywila ya msimamizi isiyokaa kichwani mwa mtu mmoja. Wapo wataalamu wanaowatisha wateja kwamba Access ni kitu cha kuchezea, wakawauzia mfumo mkubwa ambao baada ya mwaka hakuna anayejua kuuwasha. Siwaungi mkono. Fomu za Access za ofisi ile zitadumu miaka mingi. Kilichopaswa kuondoka kwenye folda ni majedwali tu.

Marekebisho ya zile stakabadhi 13 yalifanywa kwa maingizo ya kinyume, si kwa kuandika juu, ingawa kuandika juu kungetuchukua dakika 10. Kila moja ina vocha. Wanachama waliokuwa wamepewa marejesho yasiyo yao waliandikiwa barua, na afisa mikopo aliomba mwenyewe kuwapigia simu mmoja mmoja kabla barua hazijafika. Wawili kati yao walikuwa wameshaidhinishiwa mkopo kwa rekodi iliyoonekana nzuri kuliko ilivyo, na kamati ikazipitia upya. Mmoja akapunguziwa kiasi. Hakufurahi, na ana haki ya kutofurahi.

Mama mwalimu aliitwa kuchukua taarifa mpya ya akaunti. Nilikuwepo siku hiyo kwa bahati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kompyuta?"

Alikaa kwenye benchi, akatoa bahasha ya kaki, akaanza kulinganisha mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu. Kwenye mstari wa mwezi wa tatu alisimama, kwa sababu aliona rejesho lake limeingizwa mwezi wa kumi na maelezo ya marekebisho pembeni. Karani alitoka nyuma ya dirisha, akaketi karibu naye na kumweleza kwa nini tarehe ziko mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aandikiwe maelezo hayo kwa mkono nyuma ya taarifa na kupigiwa muhuri. Karani akaandika.

Uhamisho wa majedwali kwenda kwenye seva umepangwa baada ya mkutano mkuu, wanachama wakishaidhinisha bajeti ya kompyuta yake. Mpaka siku hiyo folda ya pamoja bado ipo, na kila Ijumaa jioni mjumbe wa kamati ya usimamizi anakaa na kitabu cha stakabadhi na kusoma kwa sauti namba ya mwisho ya kila siku.